Uji wa Nyota: Mwezi Tunduni katika Mchoro wa Remedios Varo

Katika sanaa ya Ulaya, mungu-mke wa mwezi aghalabu huwepo kwa ajili ya ndoto za mwanamume. Visasili vya Wayunani vinasimulia jinsi Selene alivyompenda Endymion, kijana aliyelala usingizi usiokwisha. Girodet alipouchora usingizi huo mwaka 1791, alimwondoa mungu mwenyewe akabakiza mwanga tu juu ya mwili wa kijana. Robert Graves naye, katika The White Goddess (1948), alidai kuwa ushairi wa kweli hutokana na mungu huyo. Lakini katika nadharia yake mwanamke ni chanzo cha uvuvio, si mtunzi.

Remedios Varo alizaliwa Hispania mwaka 1908, akakimbilia Meksiko mwaka 1941, na huko akachora Papilla estelar mwaka 1958. Papilla ni chakula laini cha mtoto mchanga. Kwetu tungesema uji. Ndani ya mnara unaoelea mawinguni, mwanamke ameketi peke yake mezani. Bomba lililotoboa paa huvuta mada ya nyota hadi kwenye mashine ya kusagia, naye huzungusha mkono wa mashine hiyo. Kisha kwa kijiko hulisha mwezi mchanga uliofungiwa tunduni kama ndege.

Wako wanaouona mchoro huu kuwa malalamiko ya mama aliyechoshwa na ulezi. Usomaji huo hauna kosa, ila unakomea mlangoni. Katika tungo zetu, uzuri wa mwanamke hufananishwa na mwezi wa kumi na nne, uliokamilika, wa kutazamwa kwa mbali. Mwezi wa Varo ni hilali: mwembamba, wenye njaa, unaosubiri kulishwa. Hivyo uhusiano wa zamani umepinduliwa. Si mwezi unaomwangazia mwanamke; ni yeye anayeupa mwanga, kijiko kwa kijiko, na yamkini bila kazi yake usingepevuka. Je, huu ni uwezo au ni utumwa? Tunaona kuwa mchoro unakataa kuchagua. Mwanamke ameshika kijiko, na mwezi ndio uliomo tunduni. Lakini mnara nao ni tundu, na usoni mwake hamna furaha ya mwenye mamlaka.

Uchawi uliomo humu, kama ni uchawi, ni wa jikoni. Hamna ungo wa kurukia wala mbuzi mweusi kama katika michoro ya Goya. Kuna meza, sahani na mkono unaozunguka. Varo na sahibu yake Leonora Carrington, aliyehamia Meksiko pia, walilichukulia jiko kuwa maabara ya alkemia, na hapa maabara hiyo ina uchovu wake.

Hata hivyo, hatuna budi kutaja udhaifu mmoja. Varo, aliyefunzwa kuchora na baba yake mhandisi, ana mkono safi mno. Kila ubao na kila wingu limenyooshwa kwa makini, hata uchovu wenyewe ukapendeza. Ndiyo maana mtu anaweza kuutundika mchoro huu ukutani kama pambo la ndoto, akaufurahia mwezi kwa miaka, asiuone kamwe mkono unaosaga.