Gotland Waliiacha Mlango Wazi

Sisi tunaofuatilia Baltiki tulilisema hili zamani, tukaitwa mabaki ya Vita Baridi. Kosa kubwa la Sweden halikuwa kuchelewa kuingia NATO. Lilikuwa kukivunja mwaka 2005 kikosi cha P 18 kilicholinda kisiwa chake cha Gotland.

Tazameni tena ramani. Kisiwa kiko kama kilomita 300 kutoka Kaliningrad, eneo la Urusi. Atakayesimika pale makombora ya kutungulia ndege na kuzamisha meli ndiye atakayeamua msaada gani uwafikie Estonia, Latvia na Lithuania. Nchi ndogo haimtishi jirani mkubwa kwa kuahidi kumshinda, inamvurugia hesabu. Akijua vifaru vinamngoja ufukweni, itambidi akusanye meli na watu kwa siku nyingi, na maandalizi hayo hayafichiki. Kisiwa kikiwa kitupu, usiku mmoja unamtosha. Kukikucha, wewe mwenye kisiwa ndiye unayelazimika kuanza kufyatua ili kumtoa. Kinga hiyo ndiyo waliyoitupa Waswidi kwa ajili ya bajeti, mithili ya mwenye duka anayemfukuza mlinzi kwa kuwa hajaibiwa. Tena wao walishaibiwa! Aprili 1808 Warusi walishuka Gotland bila mapigano ya maana, maana hapakuwa na kikosi cha kudumu.

Yaliyofuata ni vichekesho. Vifaru 14 vilifungiwa ghalani kisiwani, madereva wake wakiwa bara. Ijumaa Kuu ya 2013 ndege za kivita za Urusi zikafanya zoezi la kushambulia upande wa Sweden, na Sweden haikurusha hata ndege moja. Zilizoruka ni F-16 za Denmark.

Linganisheni na Wafini, watu kama milioni 5.6 tu. Kizazi cha Jemadari Mannerheim kiliwaachia funzo la Suomussalmi, walikowapiga Wasovieti katika Vita vya Majira ya Baridi, nao hawakulichezea: uandikishaji wa vijana haukukoma hata mwaka mmoja, jeshi la vita ni watu 280,000, na mahandaki ya raia yanatosha watu milioni 4.8. Wachumi wa amani waliwacheka hao.

P 18 kilianzishwa upya 2018. Vizuri.

Ila wakubwa wa enzi ile wasituambie kwamba kabla ya Urusi kuitwaa Crimea mwaka 2014 hakuna aliyeona dalili. Vifaru vya Urusi viliingia Georgia Agosti 2008. Sweden ilisitisha uandikishaji wa lazima Julai 2010.