Jiwe Halipumui

Siku chache baada ya tetemeko la ukubwa wa 7.8 kuipiga Nepal tarehe 25 Aprili 2015, wanaume wanne walitolewa hai huko Chautara. Walikuwa wamefukiwa na majengo mawili tofauti, chini ya matofali, udongo na mbao za kina cha hadi mita tatu hivi. Kilichowatambua ni FINDER, rada ya ukubwa wa sanduku la safari iliyobuniwa katika maabara ya JPL ya shirika la NASA, California.

Kazi yake inastahili kutazamwa pole pole. Rada hutuma mawimbi hafifu, yakapenya kifusi, yakagonga kifua na kurudi. Mtu akivuta pumzi, kifua husogea milimita chache. Moyo ukipiga, ngozi husogea sehemu ndogo tu ya milimita moja. Wimbi linaporudi huwa limewahi au limechelewa kidogo mno, na kipimo chote kimo humo.

Mwangwi mkubwa hutoka kwenye mawe. Lakini jiwe halipumui: mwangwi wake haubadiliki, kwa hiyo hutolewa wote kwenye hesabu. Vinavyobaki ni vile vinavyocheza. Panya naye yumo, ila moyo wake hukimbia mno. Mtu mzima aliyetulia hupumua mara 12 hadi 20 kwa dakika, na moyo wake hupiga kati ya 60 na 100.

Hapo ndipo ufundi wenyewe unapoanza, kwani kuutenga moyo na pumzi ni kama kutafuta mchakacho wa kayamba huku msondo ukirindima. Isitoshe, pumzi ina vivuli. Anayepumua mara 15 kwa dakika huacha alama pia kwenye 30, 45, 60 na 75, na hizo mbili za mwisho zinaweza kudhaniwa kuwa moyo. Njia moja ya kuvitofautisha ni kungoja pumzi ibadilike: ikifika 16, kivuli cha 75 kitarukia 80. Moyo haufuati pumzi kwa hesabu hiyo, na hapo hujulikana.

Baada ya hesabu yote hiyo, rada haiinui hata tofali moja. Huwaonyesha tu wenye sepetu mahali pa kuchimba.