Utu wa Anayekufa: Evangelium Vitae Inaposomwa Bellevue

Kiswahili hukiita kitendo hiki "kifo cha huruma", na kwa kulitamka jina hilo tu msemaji amekwisha kuupa upande mmoja ushindi. Hata idhaa ya Kiswahili ya Vatican, inayokipinga, hukiita "kifo laini". Papa Yohane Paulo II aliuona mtego huo. Katika waraka wake Evangelium Vitae wa Machi 25, 1995, hakuikana huruma, aliidai. Kwake, huruma ya kweli humfanya mtu ashiriki maumivu ya mwenzake, na kumuua yule ambaye maumivu yake yamewashinda wanaomtazama ni kuipotosha.

Waraka huo ukisomwa Bellevue, mtaa wa Johannesburg unaopakana na Yeoville, ambako Wakongo wengi wamehamia na Kiswahili cha Kivu husikika, mshindani wake hayuko mbali. Aprili 30, 2015, Jaji Hans Fabricius wa Mahakama Kuu, Pretoria, alitoa amri ya kumruhusu wakili Robin Stransham-Ford, mgonjwa wa saratani isiyotibika, asaidiwe na daktari kufa. Jaji hakujua kwamba mgonjwa alikuwa amefariki takriban saa mbili kabla. Mtunzi wa riwaya angeona haya kuibuni sadfa kama hiyo. Desemba 2016 Mahakama ya Rufaa iliitengua amri: dai lilikufa pamoja na mdai, sheria haikuchunguzwa ipasavyo, na ushahidi ulikuwa finyu na wenye makosa.

Neno linalobeba hukumu ya Fabricius ni utu, unaolindwa na kifungu cha 10 cha Katiba ya Afrika Kusini. Neno hilohilo ndilo nguzo ya waraka. Kwa jaji, utu una mwenyewe: anayesema maumivu yamemdhalilisha lazima asikilizwe. Kwa Papa, utu ni karama ambayo ugonjwa hauwezi kuinyang'anya. Hoja ya Papa ni imara zaidi, ila sauti yake ni dhaifu, kwa kuwa katika kurasa hizo mgonjwa husemwa tu, hasemi. Hata hivyo, wanaodai kwamba Kanisa huwataka watu wateseke hawajasoma. Tangu Pius XII, mwaka 1957, dawa ya kutuliza maumivu inaruhusiwa hata ikifupisha uhai, na tamko la mwaka 1980 linamruhusu mgonjwa kukataa matibabu yaliyozidi kipimo.

Wasomaji wengi huipita haraka sehemu ya fasili inayotaja si tendo tu, bali pia kuacha kutenda. Wakati rufaa ile ikisubiri kuamuliwa, Idara ya Afya ya Gauteng iliwahamisha wagonjwa wa akili kutoka Life Esidimeni na kuwapeleka kwenye vituo visivyo na uwezo, 144 walikufa. Hiyo haikuwa eutanasia, maana hakuna aliyekusudia kuwapunguzia mateso. Lakini ni vigumu kujadili utu wa anayeomba kufa katika jimbo hilo bila kuwataja wale ambao hawakuomba.

Hapo ndipo sharti la kushiriki maumivu linapokuwa zito kuliko katazo lenyewe. Kushiriki kunahitaji kitanda, mofini, na mtu wa kukaa kando. Katika chumba cha Bellevue kilichogawanywa kwa pazia, jirani husikia mgonjwa akiguna usiku kucha, na alfajiri hutoka kwenda lindoni.