Kabati Linaota Ukungu, Chanzo Kiko Bustanini

Kabati likiota ukungu, lawama zote huangukia kabati. Linafutwa kwa siki, linaanikwa, linarudishwa mahali pake, na masika yanayofuata nguo zinanuka uvundo kama mwanzo. Katika nyumba moja ya Tanga, ya tofali za saruji na isiyo na ghorofa, kabati la mninga lilihangaikiwa hivyo kwa miaka. Ukuta ulio nyuma yake ulikuwa ukibabuka rangi, na mchwa walikuwa wakijitokeza kwenye fremu ya dirisha. Kila tatizo lilikuwa na fundi wake na gharama yake, na yote matatu yalitoka kwenye tuta la maua lililoegemea ukuta huo kwa nje.

Mwenye nyumba ni mwalimu mstaafu, na kabati aliachiwa na mama yake. Seremala aliyeitwa kulitengeneza alilifungua milango, akaupapasa mgongo wake wa hadibodi uliolainika kama mkate uliolowa, akasema, “Mwalimu, kabati halina kosa. Tulisogeze kwanza tuone ukuta, halafu tutoke nje.” Maneno hayo ndiyo yaliyookoa fedha.

Nyuma ya kabati kulikuwa na mstari wa rangi ya chai unaokwenda kwa mawimbi, usawa wa kiuno. Chini ya mstari rangi ilikuwa imevimba malengelenge, na lengelenge likibonyezwa linapasuka na kumwaga unga mweupe. Unga huo ni chumvi, na ndio unaoeleza habari nzima. Paa likivuja, doa huanzia juu na kushuka. Mvuke wa chumbani hutua pembeni na kwenye dari, mahali hewa isipofika, na hauachi chumvi. Maji yanayopanda kutoka ardhini hunyonywa na vitundu vya tofali na lipu, yakibeba chumvi ya udongo na ya mchanga wa ujenzi. Yakifika yanapoweza kukauka, yanatoka na kuiacha chumvi pale pale. Kwa kawaida hayapandi sana kupita mita 1, kwa sababu juu ya hapo yanakauka kwa kasi kuliko yanavyopanda.

Hata hivyo Tanga ni mji wa pwani, hewa yake ina unyevu mwingi, na seremala hakutaka kubahatisha. Alibandika kipande cha nailoni safi ukutani, akakifunga pande zote nne kwa selotepu, kikakaa siku mbili. Matone yakitokea upande wa chumbani, hewa ndiyo yenye maji. Yakitokea kati ya nailoni na ukuta, ukuta ndio unaoyatoa. Yalitokea kati. Kipimo hiki hakina gharama, na ningependa kila mtu akifanye kabla ya kununua kopo la rangi.

Kipimo cha pili kilifanywa kwa futi. Kutoka ukingo wa dirisha hadi sakafuni ndani ya chumba: sentimita 92. Kutoka ukingo huo huo hadi kwenye udongo wa tuta kwa nje: sentimita 80. Udongo wa bustani ulikuwa sentimita 12 juu ya sakafu ya chumba. Haukuanza hivyo. Kila mwaka tuta liliongezwa samadi na udongo mweusi, majani yakaoza humo humo, na mpira wa maji ukafunguliwa kila jioni kwa ajili ya asumini na bogenvilia iliyotambaa ukutani.

Nyumba iliyojengwa vizuri hulazwa nailoni au lami juu ya msingi, kwenye usawa wa jamvi, ili kukata njia ya maji. Hii ilikuwa nayo, ila udongo ulipopanda juu ya mkato huo, maji hayakuwa na haja ya kupita chini tena. Mchwa nao walipata njia. Ukuta ulio wazi huwalazimu kujenga vijia vya udongo vinavyoonekana kwa macho, lakini udongo ukifunika ukuta, wao hupenya kwenye nyufa bila mtu kujua, na unyevu ndio wanaoutafuta.

Fundi rangi aliyetangulia alikwangua, akapaka rangi ya mafuta. Ukuta ulipendeza kwa msimu mmoja, kisha doa likatokea juu zaidi ya lilipokuwa. Rangi ya mafuta huziba vitundu, na maji yaliyozuiwa kutoka chini yanapanda hadi yapate mahali pa kutokea. Katika Mji Mkongwe wa Zanzibar, ulioingizwa kwenye orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO mwaka 2000, kuta za mawe ya matumbawe zilipigwa lipu ya chokaa ili ukuta uweze kupumua, na zile zilizozibwa baadaye kwa saruji huharibika kwa namna hiyo hiyo.

Kazi ilianzia nje. Bogenvilia iliyokomaa huchukia kusumbuliwa mizizi, kwa hiyo haikuhamishwa: yalikatwa matawi magumu yenye unene wa penseli, yakapandwa kwenye mifuko ya mchanga na mboji kivulini, na shina la zamani likang’olewa. Mwalimu aliumia kuliona likiondoka, nami namwelewa. Asumini ilihamishwa na donge lake la udongo, masika yakikaribia, ikawekwa mita 1.5 mbali na ukuta. Udongo ukachimbwa hadi sentimita 15 chini ya sakafu, na ardhi ikapewa mteremko wa sentimita 5 kwa kila mita, kuelekea uani. Vijia vya mchwa vilivyofichuka vilivunjwa kipande tu. Baada ya siku chache vilikuwa vimezibwa upya, ishara kwamba kundi liko hai, hivyo akaitwa mtaalamu wa kutia dawa ardhini. Vingebaki vimevunjika, dawa ingekuwa hasara.

Wengi wangemwaga aproni ya zege siku hiyo hiyo. Naona seremala alifanya vyema kukataa. Zege likibanwa kwenye ukuta uliolowa hufunga sehemu ya chini ambayo ndiyo inayopaswa kukauka. Aliweka kokoto kwa upana wa sentimita 50. Kokoto hupitisha hewa, na mvua ikizipiga hairushi tope ukutani.

Ndani, lipu ya saruji ilibanduliwa hadi sentimita 30 juu ya mstari. Chumvi ilifagiliwa ikiwa kavu, kwa brashi ngumu, ikazolewa na kutupwa. Ukiiosha kwa maji inayeyuka na kurudi ndani ya tofali. Kisha ukuta uliachwa wazi. Hapa subira huwashinda wengi, kwani kanuni ya zamani ya ujenzi ni mwezi 1 kwa kila inchi ya unene, na tofali la inchi 6 linadai nusu mwaka. Lipu mpya ilikuwa ya chokaa ya mfuko iliyoloweshwa usiku kucha, fungu 1 kwa mafungu 3 ya mchanga wa mtoni. Mchanga wa ufukweni una chumvi, nayo huvuta tena unyevu wa hewani. Ilipigwa kwa matabaka membamba na kunyunyiziwa maji kila siku isikauke upesi, kwa sababu chokaa hugeuka kuwa jiwe kwa kufyonza hewa ukaa polepole. Rangi ya juu ni chokaa pia.

Kabati lilimalizika kwa muda mfupi. Ukungu ulifutwa kwa kitambaa cha maji ya sabuni, mtu akiwa amefunga pua, kwani ukisuguliwa mkavu vumbi lake huenea chumbani. Lilikaushwa kivulini, maana jua kali hupinda mbao. Hadibodi mpya ilitobolewa mistari ya matundu juu na chini ili hewa izunguke, miguu ikainuliwa kwa vigogo vya mkongo, na kabati likasimama sentimita 7 kutoka ukutani.

Ukuta wa jikoni wa nyumba hiyo nao una doa, ila hauna tuta nje wala chumvi, na doa halibadiliki kiangazi wala masika. Huko anayeshukiwa ni bomba lililofukiwa ukutani. Jaribio lake ni kufunga mabomba yote usiku, kuandika namba za mita ya maji, na kuzisoma tena asubuhi kabla mtu hajafungua hata moja. Zikiwa zimesogea, ukuta utavunjwa pale bomba linapopita, na kazi hiyo ni ya fundi bomba.