Ekseli ya Nyuma Ndiyo Inayoamua

Mwaka 1960 mwandishi John Steinbeck alinunua pikapu ya GMC, akapandisha mgongoni mwake kinyumba kilichotengenezwa na kampuni ya Wolverine ya Michigan, akalibatiza gari jina la Rocinante na kuzunguka nalo Marekani pamoja na mbwa wake, Charley. Alipakia chakula, zana na vitabu vingi kuliko alivyoweza kuvisoma. Huko Oregon, mvua ikinyesha, tairi la nyuma lilipasuka. Matairi ya kuhimili mzigo ule hayakuwa ya kuokotwa dukani, na katika kitabu alichokitoa mwaka 1962 hakuficha kwamba alikuwa amelibebesha gari kupita kiasi.

Kinyumba cha namna hiyo, ambacho hapa tutakiita kempa, kinakaa ndani ya bodi la pikapu. Hakina magurudumu yake kama tela. Kilo zake zote zinashuka kwenye chasisi ileile, springi zilezile na, zaidi ya yote, ekseli ya nyuma. Ndiyo maana wanunuzi wengi hukosea hesabu: wanatazama nguvu ya injini na uwezo wa kuvuta, ilhali kempa haivutwi. Inabebwa.

Hesabu inaanzia kwenye mlango wa dereva. Huko Marekani kila gari jipya lina kibandiko cha kiwanda kinachotaja uzito wa juu kabisa wa gari likiwa na mzigo wake, na kiwango cha kila ekseli peke yake. Magari yasiyozidi kilo 4,536 huwa pia na stika ya matairi inayosema wazi abiria na mizigo kwa pamoja wasipite kilo ngapi. Pikapu kubwa zinazofaa kempa nzito mara nyingi huvuka kiwango hicho, na hapo sheria ya stika ya pili haizigusi. Mwenye gari hana budi kulipeleka kwenye mizani likiwa tupu, tangi la mafuta limejaa na yeye mwenyewe yuko kwenye usukani, kisha atoe uzito huo kwenye ule wa kibandiko. Kinachobaki ndicho alichonacho mkononi. Tarakimu ya kwenye tangazo aiache hukohuko kwenye tangazo, kwa kuwa kwa kawaida ni ya gari jepesi kuliko yote katika safu yake, lisilo na injini ya dizeli wala kabini ya milango minne.

Tuchukue mfano wa hesabu. Pikapu ya tairi moja kila upande nyuma inaruhusiwa kilo 5,200, na mizani inasema ina 3,400: mbele 1,950, nyuma 1,450. Zimebaki 1,800. Kempa imeandikwa uzito mkavu wa kilo 1,350, na mnunuzi anaondoka anatabasamu. Sasa jaza maji lita 170, nazo ni kilo 170. Ongeza gesi ya mitungi miwili, kilo 18. Betri mbili, 55. Kiyoyozi, jenereta na turubai la kivuli, 120. Vyombo, nguo, chakula na zana, 200. Minyororo na vyuma vya kufungia, 40. Na abiria mmoja wa kilo 75. Jumla ni 2,028. Gari limezidishiwa kilo 228 kabla tangi la majitaka halijapokea hata tone.

Uzito mkavu ni takwimu ya kiwandani, na kuuzia watu kempa kwa takwimu hiyo ni kuwapotosha. Hakuna anayesafiri na tangi tupu, friji tupu na kabati tupu. Kanuni za shirikisho zenyewe zinamtaka mtengenezaji aeleze uzito wa kempa ikiwa na maji, gesi na friji yake. Hiyo ndiyo namba ya kuulizia.

Turudi nyuma ya gari. Hata ekseli ya mbele ikichukua kilo 120 za mzigo ule, ya nyuma inabaki na karibu 3,360. Tairi la saizi LT275/70R18 lenye alama ya mzigo 125 limepimwa kubeba kilo 1,650 likiwa na upepo wake kamili. Mawili ni 3,300. Matairi yamepitwa, na hapo bado hatujapiga kona wala kuingia shimo. Pikapu ya matairi manne nyuma hubadilisha picha yote: LT245/75R17 yenye alama 118 inapokaa mbilimbili hubeba kilo 1,320 kila moja, jumla 5,280. Tena upana wa matairi hayo humpunguzia dereva myumbo pale upepo wa ubavuni unapoligonga sanduku refu la mita tatu na zaidi.

Mifuko ya hewa na springi za ziada hazitatui hesabu hii. Zinanyanyua mkia wa gari usilale, lakini ekseli, rimu, beringi na breki ni zilezile, na kibandiko cha mlangoni hakibadiliki.

Mahali uzito unapokaa nako kuna neno. Kitovu cha uzito wa kempa kinatakiwa kiwe mbele ya ekseli ya nyuma. Kikiwa sentimita 20 nyuma yake, kwenye gari lenye mita 4.47 kati ya ekseli mbili, mzigo wa kilo 2,000 hunyanyua karibu kilo 90 kutoka magurudumu ya mbele, yaani yale yanayoshika usukani. Ford waliliona tatizo hili mapema. F-350 yao ya kempa ya mwaka 1973 ilirefushwa umbali wa ekseli hadi inchi 140, bodi likabaki na urefu wake. Ekseli ilirudishwa nyuma ili kempa iielemee kwa mbele, na nafasi iliyopatikana ubavuni ikafanywa kihifadhi cha tairi la akiba. Mwaka huohuo Chevrolet walitoa pikapu yao ya matairi manne nyuma. Viwanda viwili, dawa mbili, maradhi yaleyale.

Wala gari kubwa zaidi si lazima libebe zaidi. Pikapu ya Ford F-450 na F-350 ya matairi manne nyuma zote zinaweza kufikia kikomo cha pauni 14,000, takriban kilo 6,350. F-450 yenyewe ni nzito kuliko mwenzake, kwa hiyo mzigo wake wa juu ni mdogo. Uzuri wake uko kwenye kuvuta.

Kempa ikishapanda na kujazwa, kipimo cha kweli hupatikana kwenye mizani za CAT Scale zilizo kwenye vituo vya malori. Magurudumu ya mbele hukaa kwenye bamba moja, ya nyuma kwenye jingine, na tiketi hutoka na uzito wa kila ekseli kando. Mwenye gari huilinganisha na kibandiko, kisha hufungua jedwali la matairi na kujaza upepo wa nyuma na wa mbele kulingana na uzito aliouona.