Mfuo Hunyooshwa Trekta Likiwa Limesimama

Mgeni akifika kwenye mashindano ya kulima, macho yake humfuata dereva. Mwenye kuijua kazi hutazama nyuma ya trekta, plau ilivyokaa.

Mashindano haya si mageni Kenya. Yale ya dunia yalianza Kanada mwaka 1953, na mara mbili, 1995 na 2017, yalikuja Njoro, katika mashamba ya Chuo Kikuu cha Egerton. Washindani hulima siku moja kwenye mabua ya mavuno, siku ya pili kwenye nyasi. Waamuzi hukagua mfuo wa kwanza, unyofu wa mistari, usawa wa kina, na kama majani yamefukiwa yote. Mbio hazimpi mtu kikombe.

Mimi ufundi huu niliujulia Kano, uwanda unaoanzia nje ya Kisumu na kukomea chini ya milima ya Nandi. Udongo wake ni mweusi: mvua ikinyesha unang'ang'ania kiatu, jua likiwaka unapasuka nyufa. Ukiuingia na plau iliyoinama, hausamehi.

Karibu na Ahero, uwandani humo, nilimkuta mzee mmoja, dereva wa miaka mingi, akipandisha magurudumu ya kushoto ya trekta juu ya magogo, uani kwake.

"Mzee, kuna pancha?"

"Hapana, kijana wangu. Hapa niko shambani tayari."

Akanieleza. Wakati wa kulima, magurudumu ya kulia hushuka ndani ya mfuo uliotangulia, kwa hiyo trekta huenda limelala upande. Unene wa magogo ni sawa na kina anachotaka kulima. Plau ikisawazishwa hivyo, shambani itatulia. Ikisawazishwa trekta likiwa wima, itakwenda kombo.

Akaanza kurekebisha. Kwanza mkono wa kulia wa kunyanyulia, ili diski zote tatu ziguse chini pamoja. Kisha toplinki, mkono wa juu unaounganisha plau na trekta: ikifupishwa mno, plau huinamisha pua, diski ya mbele ikachimba na ya nyuma ikaparuza tu. Mwisho gurudumu dogo la nyuma, linalopita ndani ya mfuo na kuizuia plau isisukumwe kando. Kila alipozungusha spana alirudi nyuma hatua tano, akafumba jicho moja, akatazama.

"Usukani ukianza kugombana nawe," alisema, "usigombane nao. Simama, shuka, kaiulize plau."

Wengi wetu hufanya kinyume. Tunaukaba usukani hadi jioni, mabega yakiuma, kisha tunajisifia jasho ambalo dakika chache za spana zingetuepusha nalo. Mfuo wa kwanza ukipinda, wa pili huufuata, na wa ishirini huurithi upogo wote. Samaki hukunjwa angali mbichi; watu wa ziwani hawahitaji kukumbushwa.

Njoro waamuzi walikuja na vipimo na kalamu. Kano mwamuzi ni maji. Baada ya mvua kubwa ya kwanza nilipita tena pale. Katika shamba la jirani madimbwi yaling'aa hapa na pale, kila mahali diski moja ilipozama zaidi ya wenzake. Kwa mzee, maji yalilala membamba ndani ya mifuo, mstari kwa mstari, hadi mpakani.