Farfrae Kuwa Meya

Msomaji, ukikisoma kitabu cha Thomas Hardy, The Mayor of Casterbridge, kilichotolewa mwaka 1886, kumbuka kwamba meya si mmoja tu. Wengi humtazama Henchard, aliyemwuza mkewe gulioni akiwa amelewa. Mimi nakuomba umtazame Farfrae, kijana Mskoti aliyefika mjini akiwa safarini kwenda Amerika.

Ngano ya Henchard ilikuwa imeharibika. Kijana akamwonyesha bure namna ya kuitengeneza. Tangu hapo nyota yake ikapanda: hesabu zake safi, maneno yake ya upole, hata akakalia kiti cha meya na kuinunua nyumba ya bwana wake wa zamani. Hakuiba, wala hakudhulumu. Henchard alipofilisika, yeye ndiye aliyempa kibarua.

Lakini siku alipopita mgeni wa kifalme, Henchard alijitokeza na kibendera mkononi, na meya akamshika bega akamvuta nyuma mbele ya watu wote. Je, alikosa? Kwa cheo chake, la. Nami humtetea mpaka hapo. Baadaye Henchard alipotea. Farfrae na mkewe wakaenda kumtafuta kwa gari. Jua lilipokaribia kuchwa, Farfrae alipiga hesabu ya gharama ya kulala njiani, akasimamisha farasi ili arudi. Kibanda alimofia Henchard kilikuwa karibu na hapo.